Majirani Mikindani, Mombasa: betri ya boda ya Kasimu

Kasimu: Asalaam alaikum majirani, nani ana betri ya boda ya kuuza iliyo sawa? yangu imezima tena, nikibonyeza selfu inafanya ka ka ka halafu kimya, honi nayo inalia kama mbuzi mwenye mafua

Mama Rukia: Waalaikum salaam. Si ulinunua mpya kabla ya Ramadhani???

Kasimu: Ndo hiyo hiyo mama 😩

Ami Salim: Usinunue kitu kwanza. Tuma mtoto aje achukue mita yangu ya kupimia volti

Kasimu: Shikamoo ami. Sawa

Ami Salim: Marahaba. Weka kwenye DC 20, waya mwekundu kwa chanya mweusi kwa hasi, na pikipiki iwe imelala masaa kadhaa, sio umetoka stejini sahi hii ukapime hapo itakudanganya. Betri nzima iliyojaa inatakiwa 12.6 hadi 12.8

Kasimu: 12.1 ami. Si bado ni 12 jamani

Odhiambo: 12.1 hiyo ni nusu mzee ama chini ya nusu 😂

Ami Salim: Odhiambo yuko sawa. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja volti mbili na kitu, ungeona 10.5 ningekwambia chumba kimoja kimekufa tutupe tu. Hiyo ichaji kwanza. Yako imeandikwa Ah ngapi, yaani ampea kwa saa?

Kasimu: 5

Ami Salim: Basi chaja ya nusu ampea, usiku kucha. Usipeleke kwa yule wa kuchaji za matatu ataichemsha. Na pasiwe na jiko wala sigara karibu, ile gesi inashika moto

Kasimu: Sabalkheri. Nilipoitoa kwa chaja ilikuwa 12.8 nikafurahi, nimeiacha mpaka sahi imeshuka 12.2, nikibonyeza selfu mita inaanguka mpaka 8

Ami Salim: Imekwisha hiyo. Betri iliyochajiwa haitakiwi kushuka chini ya 9.5 hivi injini ikizungushwa. Lakini mimi swali langu ni nani ameiua, maana betri haifi miezi michache hivi hivi

Odhiambo: ni feki hizo, siku hizi zimejaa madukani

Ami Salim: Yaweza kuwa. Kasimu maji yake yalikuwaje?

Mama Zuhura: Ami huyu kila mara anatafuta maji ya betri na globu za mbele zinaungua kila uchao, pesa ya mboga yote inaishia kwa globu, yeye hawezi kuwaambia hayo

Kasimu: wewe mwanamke 🤦🏾

Ami Salim: Ahsante Mama Zuhura umenimalizia kazi. Maji kukauka na globu kuungua ni chaji imezidi. Odhiambo muazime betri yako dakika kumi, tusipime na iliyokufa maana namba zitaruka ruka. Injini iwake, mvute mafuta kidogo, mniambie

Odhiambo: Tuko hapa. Silensa, yaani bila kuvuta mafuta, 14.3, akivuta inapanda 15, 15.7, 16.2!! nimemwambia azime kabla hajaniunguzia betri

Ami Salim: Zimeni. Inatakiwa icheze 13.5 mpaka 14.5 tu. Ingekuwa chini ya 13 ningeshuku koili za chaji, hii ni rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji. Lakini kwanza ifungueni mkwangue ethi yake, pale inaposhika kwa fremu, na msasa, huku kwetu pwani chumvi inakula kila kitu

Odhiambo: Tumekwangua. Bado 16

Ami Salim: Basi nunua rektifaya NA betri. Ukinunua betri peke yake Mfunguo Sita tuko hapa hapa tena

Kasimu: Nimenunua zote. Betri ni kavu nimepewa na chupa ya asidi

Ami Salim: Vaa glavu, mimina mpaka mstari wa juu, iache nusu saa, kisha ichaji kabla hujaifunga. Wengi wanamimina na kuondoka nayo, hiyo haijai tena maisha yake yote. Baadaye ikipungua ni maji ya betri tu, si asidi tena na si ya kisima. Kufungua anza na hasi, kufunga malizia na hasi, spana ikigusa fremu ukiwa kwa chanya utaona cheche. Na kile kipaipu cha kupumulia kisibanwe wala kisimwagie cheni

Mama Rukia: Na hiyo kuukuu isiachwe uani watoto wanacheza hapo. Mtaa wa Owino Uhuru ni hapa hapa jamani, watu wameumwa na sumu ya risasi, ile madini ya ledi, ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka mahakama 2020 ikaamua walipwe bilioni 1.3

Kasimu: Kijana wa chuma chakavu alikuwa anaitaka aipasue hapo nje

Mama Rukia: Asithubutu!!

Ami Salim: Irudishe ulikonunua mpya, wengi wanaichukua na kukupunguzia bei. Ibebe wima isimwagike

Kasimu: Imefungwa. Silensa 13.8, nikivuta 14.3 na haipandi tena hata nikivuta vipi. Selfu ni mguso mmoja tu. Ami Mungu akuweke

Mama Zuhura: Na globu?

Kasimu: Nimenunua moja ya mwisho

Odhiambo: Bro mita ya ami iko kwangu lakini kofia ya betri yangu mmeiweka wapi, nina mteja wa Changamwe saa kumi na asidi inaniruka kwa suruali