Mjadala: Antibiotiki za kuku ziuzwe kwa cheti cha daktari tu?

Mleta mada

Wadau, heshima kwenu. Msimamo wangu nausema mapema: naunga mkono cheti, ila si kwa dawa zote.

Leo ukiingia duka la dawa za mifugo ukasema "kuku wangu wanakoroma", unapewa pakiti ya OTC, ile oksitetrasaiklini ya unga. Hakuna anayekuuliza wana umri gani wala wamechanjwa lini. Unakoroga kwenye maji, banda zima linakunywa, wagonjwa na wazima. Mara nyingi tatizo ni mdondo au Gumboro, magonjwa ya virusi ambayo antibiotiki haiyagusi kabisa. Kuku wanakufa vilevile, na bakteria waliokuwa matumboni mwa wale waliopona wameshazoea dawa.

Nikisema bakteria hao waliozoea dawa, yaani sugu, wanamfikia mlaji kupitia nyama, najua jibu lenu: "moto unaua". Kweli, kwenye mafuta yanayochemka bakteria hufa, awe sugu asiwe sugu. Lakini simama kidogo pale kwenye kibanda cha chipsi kuku. Jamaa ametoka kukatakata kuku mbichi. Anaopoa paja lililoiva, analipasua kwa kisu kilekile, juu ya ubao uleule, anatupia kachumbari kwa mkono. Salmonela, bakteria wa kuhara, imerudi kwenye chakula ambacho hakitaona moto tena.

Antibiotiki ya kuku ninayoihofia zaidi ni enrofloksasini, kwa sababu ni ndugu wa damu wa siprofloksasini tunayopewa hospitalini. Marekani iliiondoa kwenye kuku mwaka 2005, baada ya kampilobakta sugu, bakteria mwingine wa kuhara, kuanza kuwasumbua watu. Hapa mtu anaitia kwenye ndoo ya maji kama chumvi.

Mfugaji wa Kibaha

Mkuu, mimi nina broila mia tano. Afisa mifugo wa kata ni mmoja, pikipiki haina mafuta, na akija mafuta naweka mimi. Mafua yakiingia bandani Jumamosi, Jumatatu natupa mizoga. Hicho cheti naandikiwa na nani? Kitakachotokea ni kwamba vyeti navyo vitauzwa kaunta pamoja na dawa. Halafu ninyi wa mjini mnanunua amoksilini bila cheti, mnameza siku mbili, mkipata nafuu mnaacha. Huo usugu nao ni wa kuku?

Mtu wa maabara

Mfugaji usimpuuze. Stafilokoka, bakteria anayeishi hata kwenye ngozi ya mtu, inayopatikana kwenye nyama iliyokwisha kuiva mara nyingi inatoka kwa mwandaaji mwenyewe, puani na mikononi. Ukikuta stafilokoka sugu kwenye soseji, usikimbilie kumshitaki kuku. Hata E. koli, bakteria wa tumboni, inaweza kutoka kwa mtu asiyenawa baada ya choo. Salmonela ndiyo ningeanza kuifuatilia hadi bandani.

Mleta mada

Nakubali, na ndiyo maana nikasema si dawa zote. OTC iendelee kuuzwa, lakini muuzaji aandike kwenye daftari nani kanunua na kwa ugonjwa gani. Enrofloksasini na kolistini ziwe za cheti, basi. Kolistini ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa kwa mgonjwa aliye ICU. Hata Uchina iliizuia kama kichocheo cha kukuza mifugo mwaka 2017.

Kuhusu vyeti kuuzwa, hiyo hoja ina uzito kuliko zote. Denmark waliiona mapema: katikati ya miaka ya 1990 walibana faida ambayo daktari wa mifugo anaweza kuipata kwa kuuza dawa anazoandika mwenyewe, na matumizi yakashuka. Sisi anayekushauri ndiye anayekuuzia, na mwezi ukiisha kodi ya duka inamsubiri.

Ila ndugu yangu wa Kibaha, nami nikuulize: hao mia tano umewachanja?

Mfugaji wa Kibaha

Mdondo nimewachanja, ile I-2 inavumilia joto kidogo. Gumboro inataka barafu kutoka dukani mpaka bandani, na kichupa ukishakichanganya lazima kiishe ndani ya saa chache. Dozi ni elfu, kuku wangu ni nusu. Jirani yangu naye ana vifaranga wa umri mwingine, hatuwezi kuchangia. Nusu namwaga.

Hiyo enrofloksasini ifungieni, sina ugomvi. Ila kabla hamjaigusa OTC, nileteeni kichupa cha dozi mia mbili.