"Ada ni ya shule"?? Mbele ya wakwe?? Nina hasira mpaka mkono unatetemeka

Wanajamvi hamjambo, mimi sijambo ya mdomoni tu. Nimerudi sasa hivi kwenye mahari ya mtoto wa kaka yangu, hata kiatu kimoja sijavua, kilemba bado kichwani. Modi msiunganishe uzi huu na zile za michango ya harusi, huu unajitegemea.

Yule emsii. Simtaji, wote mnamjua, yule wa miwani ya jua saa tatu usiku ndani ya ukumbi, anaongea kama anatafuna karanga za moto. Huyohuyo.

Sasa mimi ndo shangazi, na sisi watu wa Bagamoyo, kwetu mahari haiguswi mpaka zisomwe ada. Kuna mkaja wa mama, maana yake ule ukanda wa nguo aliojifunga tumboni alipojifungua huyo binti mnayemtaka leo. Kuna kilemba cha baba. Kuna ubeleko, ile nguo aliyobebewa mgongoni mpaka akajua kutembea. Sikuvitunga mimi, nilivikuta, na bibi yangu naye alivikuta. Nikasimama na karatasi yangu nikasema kwa adabu zote "kwanza tunaomba zisomwe ada". Yeye kanyanyua maiki: "Shangazi, ada ni ya shule, kwani bi harusi anaanza fomu wani?"

Jamani!! Ukumbi ulicheka mpaka feni zikasimama. Mjomba wao, mzee wa mkongojo, kacheka mpaka mkongojo ukaenda zake chini ya meza ukatafutwa na watu wawili. Na mimi bado nimesimama, karatasi mkononi. Fomu wani!

Hakuishia hapo, akaanza kunifundisha, eti shangazi tumia neno la kisasa sema utamaduni, mila, desturi, yote kitu kimoja ni visawe. Kitu kimoja! Kwa hiyo jirani yangu anayekunywa chai ya tangawizi kila saa kumi jioni hiyo ni mila? Hiyo ni desturi yake, mazoea yake, akifa imekwisha. Mila ni ya ukoo mzima, ndo maana ndoa inaitwa ya kimila, nani kawahi kusikia ndoa ya kimazoea? Utamaduni ni kapu lote, lugha, chakula, ngoma, mavazi, na mila na desturi zimo humohumo ndani. Na ada ni desturi yenye kutoa, unatoa ndo jambo linasogea. Hiyo ya shule imetokea hukohuko! Shule wamekuja kuazima neno kwetu halafu mimi naambiwa nimelichukua shuleni.

Fomu wani. Mbele ya wakwe. Na hela yake nilichangia, yaani nimelipia kutukanwa.

Kipepeo wa Mbagala: Hapo kwenye feni shangazi si umeme ulikatika tu?

Jasho la Bodaboda: Chai hii. Ila "fomu wani" nimecheka peke yangu kwenye daladala konda kanishusha macho.

Bi Shangazi (mleta uzi): Cheka tu, na wewe utakuwa na mtoto wa kaka yako. Sijapika chai yoyote, kuna video, mtu kaiposti tayari kaandika juu "fomu wani" na vikatuni vya kucheka. Wakwe wameilaiki.

Mpemba wa Maskat: Shangazi una haki yako kamili. Huku Oman mila na desturi wanaziita "adat na takalidi", ndo hiyohiyo ada yako, yule emsii angekuja huku angechekwa yeye. Tena ukiwaambia "dustur" wanajua unasema katiba! Neno lenyewe la Kiajemi, hata Mwarabu kalikuta kwa mwenzie. Mila kwa Kiarabu ni dini ya watu. Na utamaduni unatoka kwenye "tamaddun", mzizi mmoja na madina, yaani mambo ya kukaa kimji.

Ng'wana Mhangwa: Kwa hiyo sisi wa vijijini hatuna utamaduni? Sawa, tumesikia.

Mpemba wa Maskat: Sijasema hivo mkuu, nimesema asili ya neno.

Ng'wana Mhangwa: Umesema. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 kaunda wizara ya utamaduni wa taifa, akasimama Bungeni kuwalalamikia hao hao watu wa madina yako, rumba na chachacha wanazijua ila ngoma yetu ya gombe sugu hata kuisikia hawajaisikia. Gombe sugu inachezwa wapi, Kariakoo?

Ticha Mstaafu: Kitu hamjakiona. Tangu 2016 shule za serikali fomu wani mpaka fomu foo ada ilifutwa. Kwa hiyo emsii kakosea Kiswahili na hata utani kaukosea.

Bi Shangazi (mleta uzi): TICHA!!! Ulikuwa wapi saa mbili usiku?? Hilo ndo jibu nilitakiwa kumpa palepale kwenye maiki, nimesimama pale na karatasi kama nimeishiwa maneno na jibu lipo! Mungu akupe umri.

Ticha Mstaafu: Amina. Umri ninao, pensheni ndo sina, mwezi wa tisa huu nazungushwa dirisha hili dirisha lile.

Mkenya Halisi: Sisi huku Kenya tuko na hiyo kitu kwa katiba kabisa, Ibara ya 11, utamaduni ndio msingi wa taifa. Sasa mimi nilienda kulipa mahari nikaitishwa tenki ya maji ya lita elfu tano. Niambieni, ni babu gani alikuwa na tenki ya plastiki?

Kipepeo wa Mbagala: Hahaha hiyo sio mila hiyo ni mradi wa maji

Mkenya Halisi: Na bomba nikanunua mimi. Mpaka leo wakiishiwa na maji wananipigia mimi simu.

Jasho la Bodaboda: Afadhali wewe tenki linaonekana. Mimi kadi ya dabo laki na nusu, harusi ya ofisini kwa mke wangu, tumefika pilau imebaki viazi. Viazi vitupu! Na soda ya moto.

Bi Shangazi (mleta uzi): Jamani turudini kwenye mada, mtu kaniambia fomu wani mbele ya

Mama Pili: Viazi vitupu?? Ukumbi gani huo? Ule ambao choo kiko nyuma ya jenereta?

Jasho la Bodaboda: Huohuo!!! Umejuaje

Mama Pili: Pale mimi nilipoteza kiatu kipya cha mtoto, na mlinzi nimemwona kwa macho yangu siku ya pili mwanae kakivaa. Ngoja nifungue uzi wake.