Gumzo la Familia: Kuichochea Karama

Mama Furaha, saa 1:10 jioni
Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba. Naomba niseme jambo ambalo limenikalia moyoni tangu ibada ya Jumapili. Zamani kila Jumamosi nilikuwa natoka na akina mama wenzangu kwenda nyumba kwa nyumba kuhubiri, lakini sasa ni miaka mitatu sijabisha hodi mlango wowote kwa ajili ya Injili. Sijaacha imani. Nilichoka tu kwa kuwa sikuona hata mtu mmoja aliyeokoka, na uchovu ule ukageuka mazoea.

Mjomba, saa 1:24 jioni
Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe. Hilo usilione kuwa ni lako peke yako. Sisi tuliozaliwa hapa Rabai, karibu na Mombasa, tumekulia karibu na historia ya watu waliolima kwa muda mrefu bila kuona mavuno. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosina mwaka 1844, na haikupita hata miezi mitatu kabla hajamzika mke huyo pamoja na binti yao mchanga, huku yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Mmisionari mwenzake, Rebmann, alimfuata mwaka 1846, wakajenga kituo chao hapa Rabai, na baada ya miaka yote hiyo ya kutembea, kufundisha na kujifunza lugha, wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa mgonjwa, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa.

Baba Daudi, saa 1:31 jioni
Shikamoo Mjomba. Nauliza kwa heshima: walipata wapi nguvu ya kuendelea? Mimi ningefunga mizigo nikarudi kwetu.

Mjomba, saa 1:40 jioni
Marahaba. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa maoni yangu, kilichomshikilia si msisimko, kwa maana hakuna msisimko unaodumu miaka 29. Alikuwa na watu anaowajua kwa majina, na lugha zao aliziandika neno kwa neno. Nadhani sisi tumepoa kwa sababu tunawaombea “waliopotea” kwa jumla, wala hatujui jirani yetu wa ukuta kwa ukuta amelala na njaa au ameshiba.

Bibi, saa 2:05 usiku
Marahaba wanangu wote. Mjukuu wangu ananiandikia haya ninayosema. Paulo alimwambia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake, na mimi nimechochea moto tangu nikiwa msichana. Moto wa kuni ukififia, mpishi hauzimi akaanza upya. Huondoa jivu, akasukuma kuni zigusane, kisha akapuliza taratibu. Mama Furaha, makaa yako bado yapo, ila umekaa mbali na kuni nyingine. Yule mama wa nyumba ya tatu, aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita, nani kati yenu amerudi kwake baada ya matanga?

Mama Furaha, saa 2:11 usiku
Hakuna, Bibi. Hata mimi niliishia kutoa rambirambi.

Bibi, saa 2:20 usiku
Basi tuanze hapo. Twende tukakae naye, tumsaidie kuchota maji, tumsikilize. Asiulizwe maswali ya wokovu akiwa bado analia. Akitaka kujua kwa nini tumekuja, tutamwambia wazi kwamba ni Yesu aliyetutuma, na akipenda tutaomba pamoja naye.

Baba Daudi, saa 2:26 usiku
Nakubali, Bibi. Paa la jiko lake linavuja. Nililiona siku ya mazishi nikapita. Nitakuja na misumari na mabati mawili yaliyobaki kwangu.

Mjomba, saa 2:30 usiku
Nami nitaomba kwa ajili yake kwa jina kila alfajiri hadi Jumamosi, kisha tutakwenda pamoja.

Mama Furaha, saa 2:34 usiku
Nitaleta unga na maharagwe. Bibi, nitakupitia saa tatu asubuhi.