Mjadala: Je, sheria impe mmiliki wa zamu haki ya kurudisha wiki yake ya likizo?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, naweka mezani swali moja. Mtu aliyenunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya likizo, mpango ambao wengi wanaujua kwa jina la taimushea na ambao hapa nitauita umiliki wa zamu, je, apewe na sheria haki ya kuirudisha wiki hiyo pale asipoihitaji tena, hata kama hakuna mnunuzi? Mimi nasema apewe. Nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, kisha nitawasikiliza wanaopinga, kwa kuwa najua baadhi ya hoja zao ni nzito.

Wazo la mwanzo halikuwa na ubaya. Kampuni ya Hapimag ilipoanzishwa Uswisi mwaka 1963, watu walichangia mtaji, nyumba zikawa za kampuni waliyoimiliki kwa pamoja, na kila mmoja akapata nafasi ya kwenda kupumzika. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI, kampuni ya kubadilishana wiki, huko Marekani, na kuanzia hapo mwenye wiki yake pwani aliweza kuibadilisha na ya mwenzake mlimani. Kilichopindisha mambo ni namna wiki hizo zilivyokuja kuuzwa.

Hesabu ya chumba kimoja inatosha kulionyesha hilo. Mwaka una wiki 52, na ukitenga mbili za matengenezo, chumba hicho kinaweza kuuzwa kwa watu 50. Kila mmoja akilipa dola 20,000, bei ambayo si ya ajabu nchini Marekani siku hizi, chumba kimoja kimeingiza dola milioni moja, wakati kikiuzwa kizima kwa mtu mmoja kwa kawaida hakikaribii hata kidogo kiasi hicho. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imekwishaliwa na gharama za kumpata mnunuzi: kamisheni za wauzaji, zawadi, safari za bei ya kutupa, na vikao vya mauzo vya saa nyingi ambavyo mgeni huingia akiwa amechoka na kutoka akiwa ametia sahihi. Fedha hiyo haimo ndani ya kuta za jengo, kwa hiyo mmiliki hawezi kuirudisha atakapouza. Ndiyo maana wapo wanaotangaza wiki zao mtandaoni kwa dola moja, na bado hawapati wa kuzichukua.

Tunaposema soko hili linayumba, basi, tuseme ni soko lipi. Mauzo ya wajenzi yalianguka Marekani kutoka takriban dola bilioni 10.6 mwaka 2007 hadi bilioni 6.3 mwaka 2009, mikopo ya benki ilipokauka, lakini baadaye yalipanda tena hadi kukaribia kiwango kile cha zamani. Kampuni kubwa zimekuwa zikimezana: Marriott Vacations Worldwide iliinunua ILG mwaka 2018, na Hilton Grand Vacations ikainunua Diamond Resorts mwaka 2021, kisha Bluegreen mwaka 2024. Huko juu biashara ipo, tena sehemu kubwa ya mauzo hufanywa kwa watu ambao tayari ni wamiliki na wanashawishiwa kuongeza pointi, yaani alama za kulipia siku za kukaa zinazouzwa badala ya wiki maalumu. Soko lililokufa ni la pili, lile ambalo mmiliki wa kawaida angeuza kwa mmiliki mwingine, na kufa kwake kumesaidiwa na kanuni za kampuni zenyewe, ambazo mara nyingi humnyima mnunuzi wa mkono wa pili baadhi ya manufaa aliyokuwa nayo wa kwanza.

Laiti jambo lingekuwa ni kupoteza bei ya kununulia tu, nisingeanzisha mjadala huu, kwa sababu watu hupoteza fedha kwenye magari kila siku na maisha yanaendelea. Shida ni ada ya matunzo. Marekani ada hiyo sasa inazidi kwa wastani dola 1,000 kwa mwaka, inadaiwa uende usiende, na hupanda. Ada ya dola 800 ikipanda kwa asilimia tano kila mwaka, baada ya miaka 15 imevuka dola 1,600. Mzee aliyenunua akiwa na miaka 50, mwenye mshahara na watoto wa kusafiri nao, sasa ana miaka 80, haruhusiwi na daktari kupanda ndege, na bado bili inamfuata nyumbani. Mikataba mingi haina mwisho. Asipolipa anapelekwa kwa wakusanya madeni na jina lake linaharibika kwenye kumbukumbu za mikopo. Mali isiyouzika, isiyokodishika kwa fedha inayofikia ada yake, na isiyoweza kuachwa, kwangu mimi ni deni lililopewa jina la mali.

Na mlango ukifungwa, matapeli hukaa dirishani. Zimezuka kampuni zinazodai maelfu ya dola malipo ya mbele ili kumtoa mtu kwenye mkataba. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington aliishitaki moja ya kampuni kubwa za aina hiyo mwaka 2020, na shauri likaisha mwaka uliofuata kwa kampuni kukubali kulipa mamilioni ya dola. Hali ni mbaya zaidi kwa waliomiliki wiki zao Mexico. Kwa mujibu wa serikali ya Marekani, kati ya mwaka 2019 na 2023 Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa watu waliojifanya madalali wenye mnunuzi mkononi, wakidai kwanza kodi na ada za mauzo, na genge la dawa za kulevya la Jalisco limetajwa kuwa nyuma ya utapeli huo. Wengi hapa watajiuliza mtu mzima anawezaje kutuma kodi na ada kwa mgeni aliyempigia simu. Anatuma kwa sababu amehangaika miaka kumi kutafuta njia ya kutoka, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia kwamba njia ipo.

Wapo watakaosema sheria tayari inamlinda mnunuzi kwa muda wa kughairi. Ni kweli: maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 yanampa siku 14 na kukataza kuchukua fedha yoyote ndani ya siku hizo, na majimbo ya Marekani yana muda wao, Florida ikiwa na siku kumi. Lakini siku 14 hazimsaidii mtu ambaye ugonjwa umemfikia mwaka wa ishirini. Hispania ndiyo iliyothubutu kwenda mbali zaidi, kwa sheria ya mwaka 1998 iliyoweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba mipya, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa hukumu zilizoanza kutolewa mwaka 2015, ikatamka kwamba mikataba iliyosainiwa bila ukomo baada ya sheria hiyo kuanza kutumika ni batili.

Pendekezo langu ni kwamba mmiliki ambaye hana mkopo wa ununuzi na amelipa ada zake hadi leo aruhusiwe kuirudisha wiki kwa notisi ya mwaka mmoja, bila malipo zaidi ya gharama halisi za kuandika hati, na wa kwanza kulazimika kuipokea awe kampuni iliyoiuza, kama bado ipo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, nimekusoma kwa makini na maumivu ya wazee hao nayafahamu, kwa kuwa nimekuwa mtunza hazina wa chama cha wamiliki kwa miaka kadhaa. Hata hivyo naona umewasahau watu muhimu, nao ni wale wanaobaki.

Chukua jengo la vyumba 40 lililouzwa kwa wiki 50 kila chumba. Hizo ni hisa 2,000. Ikiwa bajeti ya mwaka ni dola milioni mbili, kila hisa inalipa dola 1,000. Sasa wamiliki 500 wakarudishe wiki zao kwa haki unayoipendekeza. Paa halitapungua kwa robo, wala lifti, wala bima, ambayo ndiyo imetupandia kuliko kitu kingine chochote. Waliobaki 1,500 watalipa takriban dola 1,333 kila mmoja, na mwaka unaofuata wengine 300 watasema ada imekuwa kubwa mno, nao wataondoka. Wa mwisho kubaki atakuwa yule asiyesoma barua zake, au yule anayeipenda sehemu hiyo kwa moyo wote. Haki ya mmoja kuondoka ni mzigo juu ya kichwa cha jirani yake.

Unasema kampuni iliyouza ipokee. Katika majengo ya zamani, yaliyojengwa miaka ya 1970 na 1980, mara nyingi mjenzi aliuza hisa ya mwisho akaenda zake, na chama cha wamiliki ndicho kilichobaki na kila kitu. Sisi hatuna muuzaji wala mfuko wa matangazo. Tuna mfuko wa akiba ambao tukiugusa vibaya tunalazimika kuwaomba wenzetu mchango maalumu.

Naongeza jambo moja ambalo halisemwi katika mijadala ya namna hii: wapo wanaofurahia. Nimeona familia ambazo wajukuu wamejifunza kuogelea katika bwawa lile lile ambalo baba zao walijifunzia. Hao walitia sahihi wakijua wanachofanya, na waliahidiana na wenzao kwamba gharama zitagawanywa.

Mchangiaji wa pili

Kwangu mimi swali la warithi ndilo linalonikera, na sioni likijibiwa. Ahadi ni ya aliyeahidi. Mkataba unaodumu milele, mzazi akifa, unamkuta mtoto ambaye hakukaa katika kikao cha mauzo wala hakutia sahihi popote. Katika sheria za Marekani mrithi anaweza kuikataa sehemu hiyo ya urithi kwa maandishi, lakini anapaswa kufanya hivyo kabla hajaitumia wala kuipokea. Familia nyingi huijua haki hiyo baada ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza kwa heshima ya marehemu, na malipo hayo yanaweza kutumika dhidi yao kama ishara kwamba wameupokea urithi. Mheshimiwa mtunza hazina, je, hao nao waliahidi?

Mwanzisha mada anajibu

Nakushukuru sana ndugu mtunza hazina, na kwenye hesabu yako sina cha kupinga. Nakubali pia kwamba pendekezo langu, kama nilivyoliandika, limemfikiria mno yule anayeuziwa na kampuni kubwa, nikampita mwenye hisa katika jengo ambalo mjenzi wake hayupo tena.

Lakini itazame tena robo ile ya wamiliki 500. Umeiweka kama jambo litakaloletwa na sheria, ilhali katika majengo mengi tayari imekwishatokea bila sheria yoyote: watu wameacha kulipa. Mwenye kuacha kimya kimya analiumiza jengo zaidi kuliko anayerudisha kwa notisi, kwa sababu wiki yake inakaa tupu huku chama kikimfuata mahakamani, mara nyingi hakiwezi kuiuza wala kuipangisha kwa uhuru mpaka hati irudi, na bajeti imeandikwa kana kwamba atalipa. Anayeirudisha mapema anakupa wiki unayoweza kuipangisha kwa usiku mmoja mmoja kama hoteli. Kwa majengo yaliyo mahali pazuri, mapato hayo yanaweza kufidia sehemu kubwa ya ada iliyopotea.

Kwa yale yasiyo mahali pazuri, naona tuseme wazi jambo ambalo kamati nyingi haziligusi. Jengo ambalo theluthi ya wamiliki wake wanataka kutoka na hakuna anayetaka kuingia limefika mwisho wake kama nyumba ya zamu. Ardhi bado ina thamani, na kuta pia. Sheria iseme ni sehemu gani ya kura inatosha kuamua kulifunga, msimamizi huru ateuliwe, liuzwe lote kwa pamoja, na kila mwenye hisa, hata yule mzee wa miaka 80, apate fungu lake. Leo kura hizo mara nyingi hazitoshi kwa sababu nyingine rahisi: nusu ya wamiliki hawajibu barua, na wengine wamekwishafariki huku majina yao yangali kwenye daftari.

Kuhusu familia zinazofurahia, sipendi hata kidogo wapoteze bwawa lao. Tutazame mfano wa Disney, ambayo tangu ilipoanza mpango wake mwaka 1991 imekuwa ikiuza mikataba yenye tarehe ya mwisho. Ile ya majengo ya awali inaisha mwaka 2042. Kampuni hiyo hujiwekea haki ya kuwa ya kwanza kununua pale mmiliki anapouza, na mara kwa mara huitumia. Sisemi ni mkarimu, kwa kuwa nayo tangu mwaka 2019 imempunguzia mnunuzi wa mkono wa pili uhuru wa kuchagua majengo mapya. Hata hivyo pointi zake bado zinauzika kwa fedha ya kweli. Ukomo wa mkataba haukuwafukuza wanaoupenda mpango huo.

Hispania nayo imetufundisha upande wa pili wa shilingi, na nilipaswa kuutaja tangu mwanzo. Baada ya hukumu zile, baadhi ya kampuni zilizoshindwa ziliingia katika taratibu za ufilisi, na wamiliki wakabaki na hukumu mkononi bila wa kuwalipa. Kwa sababu hiyo nabadilisha pendekezo langu: haki ya kurudisha iambatane na wajibu wa kila muuzaji kuweka, kutoka kwenye bei ya kila wiki anayoiuza, kiasi fulani katika mfuko usiogusika, ambao kazi yake ni kubeba ada za wiki zitakazorudi mpaka zipate mtu mwingine. Majengo ya zamani yasiyo na muuzaji yaingie moja kwa moja kwenye utaratibu wa kura na msimamizi. Mrithi asihesabiwe kuwa amepokea chochote mpaka atie sahihi yake mwenyewe, na hapo naungana kikamilifu na mchangiaji wa pili.

Ndugu mtunza hazina, wewe umeshika daftari ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona. Naomba utujibu hili: kati ya wale walioacha kulipa katika chama chenu, ni wangapi waliokuandikia kwanza wakiomba kuirudisha wiki yao, na kamati iliwajibu nini?