Mwanangu ametolewa kwenye kundi ili makundi yalingane. Ni haki?

MamaTumaini: Wadau, mwanangu yuko la tano, wako 47. Mwalimu anafundisha vigawo, zile namba zinazogawa nyingine bila baki, akapanga makundi tisa ya watano. Wakabaki wawili, akiwemo wangu, wakaambiwa "nyie ni wasimamizi". Karudi analia. Ni lazima makundi yalingane?

Chaki_Vumbi: 47 ni namba tasa, dada. Ukitaka makundi yalingane, ama kundi moja la wote, ama kila mtu kivyake. Angepanga saba ya watano na mawili ya sita, hakuna anayebaki.

Mzee_wa_Kaunta: Vigawo hapo viko wapi sasa? Kubaki ndiyo somo lenyewe. Watoto wa siku hizi mnawadekeza. Sisi tulikalia matofali na hatukulia.

MamaTumaini: Mzee shikamoo, lakini mwanangu hadekezwi. Matofali yako kaa nayo.

Mwl_Nyamagana: Yaani mnalilia 47? Nina 113 chumba kimoja, na yenyewe tasa! Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa 45. Hao 68 wa juu ni wa nani?

Kijiwe_Nongwa: Elimu bila ada ilipoanza 2016 si mlipiga vigelegele? Mlidhani watoto watakaa wapi, mawinguni?

Mwl_Nyamagana: Nani alipiga vigelegele? Mimi nilipiga chaki. Wewe utakuwa zao la UPE, ile elimu ya msingi kwa wote ya miaka ya sabini, hesabu zinakupiga chenga.

Mzee_wa_Kaunta: Weee! UPE usiiguse. Wazazi wako wamejua kusoma kwa UPE hiyo hiyo, walimu wakiwa vijana waliotoka la saba juzi.

Kijiwe_Nongwa: Ndo maana tuko hivi 😂

Mzee_wa_Kaunta: Kijana, una adabu wewe?

MamaTumaini: Jamani, mimi niliuliza makundi.

Chaki_Vumbi: Dada, mwambie mwalimu aingie naye mchezoni. Wanakuwa 48, hapo raha: mawili, matatu, manne, sita, nane, kumi na mawili, chagua. Mwl naye na 113 zake akiingia ni 114, makundi 19 ya sita sita, habaki mtu.

Kijiwe_Nongwa: Afadhali huyu kasoma.

Mwl_Nyamagana: Makundi 19, madawati 18. Haya mtaalamu, endelea kukokotoa.