Naomba ushauri: herufi nene za pembe kwenye ubao wa karakana ya mashua

Mwulizaji, Lamu
Assalamu alaykum. Ami yangu ana karakana ya mashua Matondoni, nami nimekabidhiwa kuandaa ubao utakaosimama ufuoni ili wanaopita kwa boti waione karakana kutoka baharini. Nimechagua fonti ya Neuland, ambayo herufi zake ni nene na zina pembe kali kana kwamba zimechongwa kwa tezo, nikaandika kwayo kila kitu: jina, kazi zinazofanywa na nambari ya simu. Ami ameitazama, akasema inamkumbusha mabango ya safari za kutazama simba, wala haoni Lamu ndani yake. Naomba mnishauri kabla sijanunua rangi.

Mwandika mabango, Malindi
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nyote wawili mmeona sawa. Rudolf Koch alipoitengeneza Neuland mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor kule Offenbach, Ujerumani, hakuanza kwa kuzichora karatasini, bali alizikata moja kwa moja kwenye chuma, ndiyo maana umbo la herufi hubadilika kidogo kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine. Huo mkono wa mchongaji uliouhisi ni wa kweli. Hata hivyo, wachapishaji wa Ulaya na Marekani wameitumia mno kwenye vitabu na matangazo yanayohusu Afrika, hadi herufi za Mjerumani zikageuka kuwa sura yetu machoni mwa wageni, jambo ambalo mimi huniuma.

Kuhusu ubao wenyewe, fahamu kwamba Neuland haina herufi ndogo. Neno refu kama KUTENGENEZA, likiandikwa kwa unene ule, huwa kama ukuta, na matundu ya A na R huzibwa rangi ya mafuta ikichuruzika kidogo tu. Itumie kwa jina la karakana peke yake, uziachanishe herufi, na nambari ya simu uiandike kwa herufi nyepesi. Chapisha jina kwenye karatasi, lipigilie ubaoni, kisha upande mashua ulitazame kutoka mbali kabla ya kufungua mkebe.

Mama wa Mkomani
Mwanangu, usidhani kwamba pembe ni za kigeni. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107 kwa khati ya kale ya Kiarabu iitwayo Kikufi, ambayo inajulikana kwa mistari yake iliyonyooka na pembe zake. Nadhani kinachomkera ami yako ni kuletewa herufi zilizokatwa na mkono wa mwingine, ilhali yeye ana patasi na tezo. Mpigie mistari miwili ya chaki, alichonge jina mwenyewe.

Mwulizaji, Lamu
Ahsante, mama. Nimemsomea ami, naye anauliza kama ni lazima A zote tatu za jina zifanane.

Mwandika mabango, Malindi
Si lazima. Kimo na unene vilingane. Pembe zikitofautiana kidogo haidhuru, mradi matundu yabaki wazi.