Mjadala: Shoo ya mwisho ya bendi itolewe na kasoro zake, au ibaki kabatini?

Mleta mada (Arusha):

Wakuu, sisi tunaosikiliza jazi pamoja hapa Kijenge tumegawanyika kwa sababu ya albamu moja. Ni The Olatunji Concert, rekodi ya laivu ya mpiga saksofoni wa Marekani, John Coltrane, na bendi yake, iliyonaswa Harlem, New York, tarehe 23 Aprili 1967, kwenye kituo cha utamaduni wa Afrika cha mpiga ngoma wa Nigeria, Babatunde Olatunji. Coltrane alifariki kwa saratani ya ini tarehe 17 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 40. Albamu ikatoka 2001, mwenyewe hayupo kusema ndiyo wala hapana.

Sauti ni mbovu, hilo halina ubishi. Saksofoni zinapasuka, dramu za Rashied Ali zimemeza piano ya Alice Coltrane, mkewe. Wenzangu wanasema kumtoa marehemu hadharani katika hali hiyo ni kumvunjia heshima.

Mimi nasema ilikuwa haki itolewe. Chukueni "Ogunde". Ile ya studio, ya Machi 1967, haifiki dakika nne, na ni tulivu, karibu sala. Harlem, wiki chache baadaye, wimbo huohuo unakaribia nusu saa. Pharoah Sanders, mpiga saksofoni mwenzake, anapuliza mpaka noti zinaacha kuwa noti, anakuja Coltrane naye hapunguzi hata kidogo, na huyo ni mtu aliyebakiza miezi mitatu ya kuishi! Wimbo wa pili na wa mwisho unaanza na besi ya Jimmy Garrison peke yake, dakika kadhaa, hakuna anayemharakisha. Kwenye studio nani angemruhusu? Kama tungeachiwa studio peke yake, tungeamini bendi ile ilimaliza safari yake kwa upole. Haikuwa hivyo, na ningeumia sana kutolijua hilo.

Linatuhusu hapa pia. Mji huu ndiko ndugu wa Kinyonga walikoanzisha Arusha Jazz mwaka 1970, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Bendi za ukanda huu zimezaliwa na kufa, na mwenye mkanda wa shoo ya mwisho ya bendi yoyote ana deni kwetu. Autoe.

Mchangiaji (Moshi):

Mwanangu, umesema vizuri, ila "autoe" umeisema haraka mno. Tarehe 29 Julai 1946 mpiga saksofoni Charlie Parker aliingizwa studio akiwa hoi, akarekodi "Lover Man". Ross Russell wa lebo ya Dial akaitoa, na Parker hakumsamehe. Wako watu wanaipenda rekodi ile, wanasema imejaa uchungu. Uchungu wa nani? Mwenye nao hakutaka usikike. Nimepiga gitaa kwenye dansi ujanani. Kuna usiku nilipiga nikiwa na homa, na sitaki mjukuu wangu anijue kwa usiku huo. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata mpigaji: huwezi kumrekodi na kuuza bila ridhaa yake. Kumiliki mkanda si kumiliki muziki uliomo.

Mchangiaji (Ngarenaro):

Mimi ni fundi mitambo. Wanaosema "isafishwe kwanza" waelewe jambo moja: sauti ikizidi uwezo wa mkanda au kipaza sauti, vilele vya mawimbi hukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Programu za siku hizi hukisia tu kilichokuwepo. Ukisafisha sana unauza makisio. Bora itoke ilivyo, na ganda la albamu liseme wazi.

Mleta mada:

Shikamoo mzee wangu. La ridhaa nakubali, hasa kwa aliye hai: akisema hapana, basi. Fundi, asante, hapo umenipa hoja niliyoikosa Jumapili tulipobishana na wenzangu. Lakini mzee, Parker alikuwepo na alilalamika. Coltrane hakulalamika wala hakusifu, na jukwaani hakuwa peke yake. Mwaka 2001 Alice, Sanders na Rashied Ali wote walikuwa hai. Shoo ile ilikuwa yao pia, na kuifungia kabatini kwa ajili ya heshima ya mmoja kungewanyima wengine usiku wao.

Kwa hiyo narekebisha "autoe": awaulize kwanza wote waliokuwa jukwaani, hadi mpiga tumba, majina yao yaandikwe, walipwe. Kinachonitatiza ni pale wanapopishana. Mjane akisema hapana na wapigaji watatu waliobaki wakasema ndiyo, mzee, wewe ungemsikiliza nani?